Filamu ya taharuki ndani ya chumba kimoja: kigawe chumba kama unga wa mwezi

Swali: Sisi ni kikundi cha sanaa hapa Mwanza. Tuna chumba cha futi 12 kwa 12, waigizaji watatu, simu moja yenye kamera nzuri na Sh 1,800,000. Tunataka kutengeneza filamu ya taharuki ya saa moja, yote ndani ya chumba hicho. Wenzangu wanasema mtazamaji atachoka baada ya dakika kumi. Je, inawezekana? Na hela hizi tuzielekeze wapi?

Jibu: Inawezekana, ndugu, ila hofu ya wenzako ina msingi. Mtazamaji huchoka na chumba kimoja pale anapoonyeshwa pembe zote nne ndani ya dakika tano za mwanzo, kwa mwanga uleule, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile. Zikibaki dakika 55, macho yake hayana pa kwenda. Udogo wa chumba haumchoshi mtu. Kinachomchosha ni chumba kilichokwisha. Ndiyo maana nakuomba ukihesabu chumba chako kama debe la unga la mwezi mzima: kila kona, kila kimo cha kamera na kila aina ya mwanga ni kibaba kimoja, na huruhusiwi kupika viwili siku moja bila sababu.

Kabla ya kamera, hadithi. Filamu ya chumba kimoja inasimama au kuanguka kwa maswali mawili ambayo kila mtazamaji wa leo atayauliza moyoni: kwa nini asitoke, na kwa nini asipige simu? Yajibu yote mawili kabla ya dakika ya nane, na majibu yatoke kwenye maisha yanayojulikana. Nyumba zetu zinakusaidia hapa kuliko unavyofikiri. Dirisha lina nondo, mlango una grili ya chuma. Vimewekwa ili mwizi asiingie, na usiku mmoja vinaweza kumzuia mwenye nyumba asitoke.

Nichukue mfano tuutumie hadi mwisho. Dada mmoja ni wakala wa fedha kwa simu. Saa nne usiku anafunga hesabu chumbani kwake na kukuta Sh 9,400,000 ambazo si zake. Mtu anagonga, anajitambulisha kuwa polisi, anataka afunguliwe. Kabla ya hapo, mtazamaji peke yake ameona mkono ukipenyezwa na kubana kufuli kwenye grili kwa nje. Swali la kwanza limejibiwa kwa shoti moja ya sekunde nne. La pili lijibiwe kwa simu yenyewe: usiizime, wala usiseme mtandao hakuna, ujanja huo watu wameuchoka. Mpe simu inayofanya kazi, halafu ifanye iwe hatari. Kila akimpigia mtu kwa siri, mgongaji anajua amempigia nani. Sasa simu imekuwa mwigizaji wa nne, na hujalipa posho.

Angalia jinsi taharuki ilivyozaliwa hapo. Mtazamaji anajua kufuli limebanwa, dada hajui. Kila hatua anayopiga kuelekea mlangoni inamchoma mtazamaji. Katika muswada, mbele ya kila sini, andika kwa kalamu nyekundu: nani anajua nini sasa hivi? Ukikuta sini tatu mfululizo ambazo mtazamaji na mhusika wanajua sawasawa, hapo ndipo watu wataanza kufungua simu zao. Muswada wenyewe usomeni kwa sauti, mmekaa, saa ya simu ikihesabu. Usomaji ukifika dakika 50, filamu itafika 60 bila shida, kwa sababu ukimya, kutembea na kusikiliza mlangoni havisomeki lakini vinachukua muda.

Sasa mgao wa unga. Gawa hadithi vipande vitano vya dakika 12 hivi, na kila kipande kiwe na mwanga wake, kimo chake cha kamera na upande wake wa chumba. Kwenye mfano wetu: kipande cha kwanza kina taa ya dari, kamera iko juu kidogo ya usawa wa macho, tunaona meza na ukuta wa kitanda tu. Cha pili kinafungua dirisha, ambalo mpaka hapo tumelisikia bila kuliona. Katikati umeme unakatika na tunabaki na tochi ya simu. Cha nne ni mshumaa na kona ya kabati ambayo kamera imeikwepa nusu saa nzima. Cha mwisho ni alfajiri, kamera iko sakafuni. Mwongozaji wa Marekani Sidney Lumet alifanya jambo la namna hii kwenye filamu ya "12 Angry Men" ya mwaka 1957, inayokaa karibu muda wote kwenye chumba cha wazee wa baraza: theluthi ya kwanza alipiga kamera ikiwa juu ya macho, ya pili usawa wa macho, ya tatu chini yake, huku lenzi zikizidi kuwa ndefu, yaani zinazoona eneo jembamba na kulivuta karibu, hadi kuta na dari zikaonekana kuwakaribia watu. Nawe unaweza kufanya hivyo kwa simu na kigoda.

Kuhusu lenzi, pima kabla ya kuamua. Futi 12 ni mita 3.6, na ukitoa kitanda na mgongo wako, unabaki na mita 2 hadi mwigizaji. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 ya kamera kubwa. Kwa mita 2 inaona upana wa karibu mita 3, yaani ukuta karibu wote. Lenzi ya 50 kwa umbali huohuo inaona mita 1.4 hivi: mtu na mlango nyuma yake. Ile pana kabisa, inayoandikwa 0.5, iache. Inapindisha nyuso za walio pembeni na gizani picha yake inajaa chembechembe. Tahadhari nyingine: mwanga ukiwa hafifu, simu nyingi huacha lenzi ya kukuza bila kukuambia na kukuza picha ya lenzi kuu. Jaribu hivi: chagua kukuza, funika lenzi ya kukuza kwa kidole. Picha isipoziba, umedanganywa. Ongeza mwanga, au sogea karibu kwa miguu yako.

Ukuta mweupe ndio adui mkubwa wa chumba kidogo, na kwa ngozi zetu madhara ni mara mbili. Kwanza unarudisha mwanga kila upande, kivuli hakikai. Pili, kamera inapoona weupe mwingi inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi ulio mbele yake unazama. Paka rangi. Kuta nne za mita 3.6 zenye kimo cha mita 2.7 ni karibu mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, zinabaki 35. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inahitaji lita 7 hadi 8, yaani ndoo mbili za lita 4. Chagua rangi tulivu yenye giza la wastani: kijani cha majani makavu, bluu ya kijivu, kahawia ya udongo. Isiwe ya kung'aa. Kisha vuta fanicha sentimita 60 hadi 90 kutoka ukutani. Mtu aliyeegemea ukuta anaonekana amebandikwa. Akiwa na nafasi nyuma yake, chumba kinapata kina.

Uso uangazie kutoka ubavuni, kwa chanzo kikubwa na laini: balbu mbili nyuma ya shuka jeupe la pamba lililotandazwa, umbali wa mita moja na nusu. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao wake, na mng'ao huo unatoka kwenye eneo kubwa jeupe linaloakisiwa shavuni. Taa ndogo ya moja kwa moja inaacha nukta moja tu nyeupe kwenye paji la uso. Upande wa pili weka boksi lililobandikwa karatasi nyeupe, lirudishe mwanga kidogo. Balbu nunua zenye alama ya CRI 90 au zaidi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Za bei rahisi kabisa hugeuza ngozi kuwa kijivu, na rangi hiyo huiondoi kwenye kuhariri.

Mipangilio ya kamera isibadilike kuanzia usiku wa kwanza hadi wa mwisho: fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50, rangi ya mwanga imefungwa kwenye namba moja kwa kila kipande, fokasi imefungwa kwa kila shoti. Namba hizo zinatoka kwenye umeme wetu wa hezi 50, ambao huzifanya taa zipige mara 100 kwa sekunde. Ukiacha simu ijiendeshe kwa fremu 30 na shata 1/60, michirizi ya giza itapanda na kushuka ukutani, na hutaiona vizuri mpaka ufungue kompyuta. Kamera ya kawaida ya simu pia hubadilisha idadi ya fremu kimyakimya, na sauti uliyorekodi pembeni inaanza kuachana na midomo. Blackmagic Camera ni programu ya bure inayokuwezesha kufunga vyote hivi. Tumia ubora wa picha wa 1080p, hali ya ndege iwashwe ili simu ya shangazi isikate sini, na uvue kava simu isichemke.

Niingie kwa karibu kwenye shoti moja, kwa sababu ndiyo itakayokaa kichwani mwa mtu: vivuli vya miguu chini ya mlango. Mlango uwe na mwanya wa sentimita 2 chini. Nje, weka tochi moja ya LED sakafuni, mita 2 kutoka mlangoni, bila kitambaa chochote mbele yake. Mwigizaji asimame karibu kabisa na mlango, sentimita 10 hivi, maana kitu kikiwa karibu na mwanya na chanzo kikiwa kidogo na mbali, kivuli kinakatika safi. Kamera ndani, imelala sakafuni juu ya kitabu, mita moja na nusu kutoka mlangoni. Zima taa zote za ndani. Utaona mstari wa mwanga wenye mapengo mawili meusi. Mapengo yakisogea, mtu amesogea. Yakitoweka na hukusikia hatua, mtazamaji ataacha kupumua. Kivuli cha nondo ukutani kinafuata kanuni ileile: chanzo kimoja kidogo, mita 3 au 4 nje ya dirisha. Ukiweka balbu mbili, kila nondo inakuwa mbili zilizofifia.

Sauti sasa, na hapa ndipo hela yako nyingi ya vifaa iende. Picha yenye giza watu wataisamehe na kuiita mtindo. Sauti yenye mwangwi hawaisamehi, na kwenye taharuki sauti ndiyo nusu ya nyumba usiyoweza kuijenga: ua, barabara, ngazi, jirani, mtu asiyeonekana.

Piga kofi moja katikati ya chumba kikiwa kitupu. Ukisikia mlio wa "nyaa" nyuma ya kofi, kuta zinarudisha sauti. Simamisha magodoro matatu nyuma ya kamera, tandika blanketi na mikeka sakafuni pasipoonekana, piga tena. Rudia mpaka kofi life palepale. Maiki ndogo ya kifuani ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, ifungwe kwa utepe wa kitambaa ili nguo isiisugue. Maiki ya fimbo, kama mnayo, iwe nusu mita kutoka mdomoni. Rekodi kwa hezi 48,000, sauti kubwa zifike karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa, kwa sababu mtu atapiga kelele na sauti ikipasuka haishoneki. Zima feni. Zima friji, na ufunguo wa nyumba uuweke ndani ya friji hiyo. Hutaondoka umeisahau imezimwa na samaki wa watu wameoza. Mwisho wa kila mpangilio wa kamera, wote mnyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa chumba. Bila ukimya huo, kila mkato wa mhariri utasikika kama mlango.

Bati halina huruma. Mchana linapopata joto linapasua "ta, ta" bila mpangilio, na mvua ikianza kazi imekwisha. Pigeni usiku, saa tatu hadi saa kumi na moja kasoro kabla ya adhana ya alfajiri, Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ni za muziki wa mtaani, usishindane nazo.

Sauti za nje zijenge kwa kumfundisha mtazamaji kwanza, kisha umtishe. Chukua geti la uani lenye kutu. Dakika ya 4 linalia, jirani anaingia, anasalimu, dada anamjibu kupitia dirishani. Dakika ya 15 linalia tena, mpangaji mwingine, tunasikia funguo zake. Dakika ya 20 dada anasema kwa simu, kama jambo la kupita tu, "wote wameshaingia ndani." Dakika ya 33, umeme umekatika, geti linalia. Hakuna salamu. Hakuna funguo. Hujaonyesha chochote na hujatumia shilingi, na chumba kizima kimebadilika. Ila ukiruka hatua mbili za mwanzo, huo ni mlio wa chuma tu. Rekodi sauti hizi peke yake mchana: kufuli likibanwa na kufunguliwa, viatu juu ya kokoto, bodaboda ikija, ikizimwa, na injini ikitulia. Kila moja mara tano, karibu na mbali.

Mtu wa nyuma ya mlango awe mwigizaji wa kweli, asimame nje kweli, kila usiku. Makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye kazi za namna hii ni msaidizi kusoma mistari yake kwa sauti bapa, halafu sauti halisi inapachikwa baadaye. Dada atajibu ubapa huo, na hofu usoni itakosa pa kushika. Weka maiki moja ndani kupata sauti iliyozibwa na mbao, na nyingine nje karibu na mdomo wake. Kwenye kuhariri utachanganya. Ukiwa na ile ya nje tu, punguza masafa ya juu kuanzia hezi 1,500 hivi, itasikika imepita mlangoni.

Siku kumi za mazoezi ndani ya chumba hichohicho zitawaokoa usiku mwingi wa kupiga. Chora chumba kwenye daftari la mraba, mraba mmoja uwe sentimita 20, chumba kitakuwa miraba 18 kwa 18. Weka alama za mlango, dirisha, kitanda, kila hatua ya mwigizaji na kila kituo cha kamera. Ndani ya kipande kimoja, kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaounganisha dada na mlango. Ukiuvuka bila sababu, mlango utaonekana umehama kulia kwenda kushoto, na mtazamaji aliyepotea hana muda wa kuogopa.

Usiku nane unatosha. Kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja ni saa 8. Ukitoa nusu saa ya chakula, na kila mpangilio ukichukua dakika 20, unapata mipangilio 22, yaani dakika saba na nusu za filamu kila usiku. Fuata mtiririko wa hadithi kipande kwa kipande, lakini ndani ya kipande piga shoti zote zinazoelekea ukuta mmoja kabla ya kugeuza taa. Kwa nini si ukuta kwa filamu nzima? Kwa sababu dada anachoka, sauti inakauka, jasho linaongezeka, chumba kinavurugika, na mambo hayo hayarudi nyuma. Kabla ya kila shoti piga picha za kona nne, ili vitu visionekane vimehama kati ya shoti na shoti. Saa ya ukutani itoe betri, uigeuze kwa mkono. Nunua mishumaa 12, uikate vimo vitatu, kila kimo kiandikiwe sini yake. Glasi ya maji ichorwe mstari kwa wino nyuma.

Hela zako ningezigawa hivi: posho ya waigizaji watatu Sh 450,000, chakula na nauli kwa watu sita kwa usiku nane, Sh 8,000 kwa mtu, inakuwa 384,000, sauti 350,000, taa na nyaya 180,000, rangi, mapazia meusi na vifaa vya sini 170,000, diski ya kuhifadhia 160,000. Jumla ni 1,694,000, na 106,000 inayobaki usiiguse mpaka uulizie ada za Bodi ya Filamu. Tanzania inataka kibali kabla ya kupiga, na filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Sare za polisi zinahitaji ruhusa ya peke yake, sababu nyingine nzuri ya mgongaji wako kubaki sauti. Na mwende kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, mgonge na milango ya majirani wote, muwaambie ni usiku gani mwanamke atapiga kelele za kuomba msaada. Msipofanya hivyo mtaa utakuja na marungu, na utakuwa na haki.

Kila asubuhi nakili kazi kwenye diski na kwenye kompyuta kabla ya kufuta simu. Nakala moja si nakala. Hariri kwa toleo la bure la DaVinci Resolve. Kata ya kwanza ikikamilika, iangalie mara moja ukiwa umefunika kioo kwa kanga, unasikiliza tu. Popote utakaposhindwa kujua nani yuko wapi, sauti ina pengo. Kisha keti na watu watano wasiojua hadithi, waache na simu zao mikononi, usiwaambie lolote. Kaa nyuma yao na daftari, uandike dakika ambayo kila mmoja ameitazama simu yake. Wawili wakiitazama dakika ileile, fungua muswada kwenye sini hiyo, soma wino mwekundu, na uanze kukata hapo.